Nani Atabisha Hodi? Mhamiaji, Kipigo na Sinema, kwa Jicho la Gairo

Ukimuuliza mwanafunzi wa fasihi sinema ya Tanzania ilianza lini, wengi watakutajia Shirika la Filamu Tanzania, mwaka 1968. Wajuzi kidogo watakwambia habari ya Rashid Kawawa. Makala hii inarudi nyuma zaidi, hadi Vugiri, milima ya Usambara, mwaka 1935. Huko ndiko lilikokita kambi lile Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu, kwa kifupi BEKE, chini ya Meja Notcutt, kwa fedha za Carnegie na baraka za wamisionari. Kwa miaka miwili, hadi 1937, walitengeneza filamu fupi fupi zipatazo 35 na kuzizungusha kwa lori Tanganyika na nchi za jirani.

Jambo linalosahaulika ni kwa nini jaribio hilo lilizaliwa. Merle Davis, mmisionari aliyelibuni, alikuwa ametoka kuongoza utafiti kuhusu migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, uliochapishwa 1933. Alichokiona kule kilimtia hofu: wanaume wametoka vijijini, wamekusanyika migodini, ndoa zinavunjika, wazee hawasikilizwi. Sinema ikaonekana kuwa dawa. Kwa hiyo tukisema kwamba sinema katika nchi yetu ilizaliwa kwa sababu ya mhamiaji, hatusemi kwa mafumbo. Ndivyo ilivyokuwa. Na katika filamu za BEKE, ile iitwayo *Gumu* ilihusu kijana wa kijijini anayekwenda mjini na mji ukamharibu.

Hadithi hiyo haijafa mpaka leo, imebadilisha mashati tu. Mwaka 1952 ikarudi kwa jina la *Muhogo Mchungu*, na mshamba anayeingia Dar es Salaam akachezwa na Kawawa mwenyewe, wakati huo mtumishi kijana wa idara ya ustawi wa jamii. Miaka kumi baadaye, Januari 1962, mshamba wetu akawa Waziri Mkuu. (Sijui kama kuna nchi nyingine ambayo Waziri Mkuu wake alianza kwa kutapeliwa kwenye skrini.) Katikati ya miaka ya 1970 ikaja *Fimbo ya Mnyonge* ya Shirika la Filamu: kijana anakwenda mjini, mji unamshinda, anapata wokovu katika kijiji cha ujamaa. Mkoloni alimwambia mhamiaji arudi kijijini akalime, na sisi tulipojitawala tukamwambia vile vile. Sababu ndizo zilizotofautiana.

Sasa, ndugu msomaji, tazama kwa makini ni nani asiyeonekana katika mlolongo huu. Msafiri ni mwanamume. Mwanamke ni mtego wa mjini, au ni "nyumbani" kwenyewe, yaani mtu anayengojewa kurudiwa. Chumba ambacho mhamiaji na mkewe wanaishi pamoja mjini, wakiwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine anakohoa kitandani, kodi ya mwezi wa pili haijalipwa, na mume anarudi amelewa, hicho hakimo. Kamera ya BEKE haikuingia humo, ya Shirika la Filamu nayo haikuingia. Nadai kwamba hii haikuwa bahati mbaya. Kwa mkoloni, mhamiaji alikuwa tatizo la kazi na kodi. Kwa itikadi ya ujamaa, alikuwa tatizo la uzalishaji. Aliyekuwa akipigwa ndani hakuwa tatizo la mtu yeyote.

Naomba nisimame kidogo Gairo, kwa sababu mambo haya nikiyasema hewani yanakuwa maneno ya semina.

Gairo iko juu ya barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, chini ya milima ya Ukaguru. Tangu 2012 ni wilaya. Kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya Kilosa. Anayepita kwa basi huona malori yaliyoegeshwa, wauza mahindi ya kuchoma, vumbi na upepo, halafu basi linaondoka. Ukikaa ndipo unagundua kwamba karibu kila mtu ana hadithi ya kuja. Wakaguru wenyewe husimulia jinsi koo zao zilivyosafiri na kupata majina njiani. Misafara ya karne ya 19 kutoka pwani ilipita Ukaguru ikielekea Mpwapwa. Wakamba walihamia na kujenga vijiji vyao, na Waparakuyo wakaja na ng'ombe. Ile njaa kubwa ya Ugogo ya 1917 hadi 1920, inayoitwa Mtunya, iliwasukuma Wagogo wengi kwa majirani. Kisha kuelekea Kimamba na Kilosa mjini kukawa na mashamba ya mkonge, na manamba.

Hapa uchumi lazima usemwe waziwazi. Mshahara wa manamba ulipangwa kama vile hana mke. Ilidhaniwa kwamba mke yuko kijijini analima, na kwamba mwanamume huyu anahitaji chakula chake tu na senti za kodi. Mke alipomfuata, au alipooa huko huko kambini, watu wanne au watano wakawa wanaishi kwa mshahara wa mtu mmoja asiye na familia. Mkonge ulianguka, kambi zikafungwa au zikasinyaa, lakini mtindo ule wa maisha ukabaki na kuhamia vyumba vya kupanga vya miji ya barabarani. Sisemi kwamba umaskini ndio unaopiga. Matajiri nao wanapiga, tena wana kuta nene. Ninachosema ni kwamba umaskini wa mhamiaji una umbo lake, na umbo hilo linaamua mwanamke akipigwa akimbilie wapi.

Kwa Wakaguru, ukoo unafuata upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti. Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman, aliyefika Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuandika vitabu kadhaa juu ya watu hawa, ameeleza mvutano uliomo: mume anavuta huku, kaka wa mke anavuta kule. Jamani, tusijidanganye kwamba ukoo wa mama uliwakinga wanawake na fimbo. Haukuwakinga. Lakini uliwapa mlango. Mwanamke aliyepigwa alikuwa na kaka wa kumwendea, na mume alijua kwamba kaka yupo nusu siku ya mwendo, na kwamba watoto si mali yake peke yake. Hesabu ya mume inabadilika akijua hivyo.

Mwanamke huyo akihamia Dar es Salaam na mumewe, mlango ule unabaki nyuma. Mgogo au Mhehe aliyeletwa Gairo na mume dereva hakuwa na mlango wa jinsi hiyo hapa tangu mwanzo. Basi anao nani? Anao wapangaji wenzake. Nyumba ya vyumba sita, korido katikati, choo kimoja uani, ukuta ambao haufiki darini. Kila anayelala humo anasikia. Swali la nani atabisha hodi linazaliwa hapo. Swali hilo ni la kisanaa pia, kwa sababu mtengenezaji filamu ni lazima aamue kamera yake isimame chumbani, au koridoni pamoja na sisi tunaosikiliza.

Filamu ninayoiona imelijibu swali hili kwa ukali kuliko zote imetoka mbali sana, New Zealand. Ni *Once Were Warriors* ya Lee Tamahori, ya mwaka 1994, kutokana na riwaya ya Alan Duff ya 1990. Familia ya Heke ni Wamaori. Watu wao, ambao kabla ya Vita Kuu ya Pili wengi waliishi vijijini, walihamia mijini kwa wingi kufuata kazi za viwandani, hata ilipofika miaka ya 1980 wengi wao walikuwa watu wa mjini. Ni wahamiaji ndani ya nchi yao wenyewe, kama Mkaguru aliyeko Manzese. Picha ya kwanza inaonyesha mandhari nzuri ya milima na maji, kamera inateremka, na tunagundua kwamba kumbe ni bango la matangazo kando ya barabara kubwa, na chini yake ndipo maskini wanapoishi. Nadhani mtu wa Gairo haelezwi picha hii mara mbili. Sisi nasi milima yetu mizuri huonekana kwenye kalenda.

Tukio ninalotaka kulitazama ni la sherehe. Jake, mume, amejaza nyumba marafiki, bia na nyimbo. Rafiki mmoja anataka mayai. Beth, mke, anakataa kupika. Basi ni hilo tu, mayai. Jake anampiga mbele ya watu, na kipigo chenyewe si cha kuigiza kimaridadi. Ni kirefu, ni kibaya. Watoto wako juu wanasikiliza. Lakini mimi, na naomba wenzangu mnaopenda kuzungumzia "mhusika mkuu" mnisamehe, niliangalia zaidi wageni. Wanatoka. Wanachukua vyao na kutoka, mmoja mmoja, kama watu waliokumbuka kwamba kesho ni kazi. Hakuna anayeshangilia, hakuna anayezuia. Asubuhi binti, Grace, anasafisha nyumba. Na kwa kuwa uso wa Beth umeharibika, hawezi kwenda mahakamani kusimama na mwanawe, na mtoto anachukuliwa na serikali. Kipigo kimoja kimevunja watu watatu, na filamu imetuonyesha hesabu hiyo bila hotuba.

Kuna tofauti kati ya riwaya na filamu ambayo mwanafunzi wa fasihi hawezi kuiruka. Katika riwaya, Grace anayebakwa usiku anashuku kwamba aliyefanya hivyo ni baba yake mzazi. Katika filamu kosa hilo amebebeshwa rafiki wa baba, yule yule wa mayai. Wako watakaosema filamu imepunguza makali ili Jake asichukiwe kabisa. Mimi naona limepatikana jambo jingine: mgeni ambaye hakuzuia kipigo ndiye anayekuja kuiharibu nyumba zaidi. Aliyetazama na kunyamaza alikuwa ameshajua kwamba nyumba ile haina mwenye kuilinda.

Turudi kwetu, maana isije ikasemwa kwamba tunawasifu wa nje. Nyumba ya kupanga ya Tanzania ina kitu ambacho Auckland hakikuwepo: mjumbe wa nyumba kumi, aliyewekwa na TANU katika miaka ya 1960. Ina sheria pia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Ni kifungu cha kushangaza kwa wakati ule. Nchi nyingi zilizoendelea hazikuwa na maneno ya wazi namna hiyo. Ila hakikutaja adhabu. Na sheria hiyo hiyo inataka ugomvi upitie kwanza baraza la usuluhishi kabla ya kudai talaka mahakamani. Kwa hiyo mwanamke aliyepigwa hupelekwa kwa mjumbe, mjumbe humpeleka barazani, baraza humrudisha nyumbani akavumilie. Mwaka 1998 ikaja sheria ya makosa ya kujamiiana, lakini kipigo cha ndani hakikuwa shabaha yake. Wakati huo huo utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015 na 2016 ulikuta asilimia 58 ya wanawake wakikubali kwamba zipo sababu zinazomhalalishia mume kumpiga mke. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 40. Someni tena tarakimu hizo, sikuzigeuza. Na utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba Dar es Salaam asilimia 41 ya wanawake waliowahi kuwa na mwenzi walikuwa wamepata ukatili wa mwili au wa kujamiiana kutoka kwake, na katika wilaya ya Mbeya asilimia 56.

Mjumbe, baraza, sheria yenye meno ya kitoto, mke anayemtetea mpigaji: kwa mwandishi wa tamthiliya hii ni hazina, na tamthiliya iliigusa mapema kuliko filamu. Hapa Gairo ina haki ya kujivuna kidogo. Penina Muhando alizaliwa 1948 Berega, mwendo mfupi kutoka Gairo, katika Ukaguru huo huo. *Hatia* ilitoka 1972, *Talaka Si Mke Wangu* 1976, *Nguzo Mama* 1982. Wahakiki wamezichambua sana kwa kipimo cha ukombozi wa mwanamke, na ni sawa. Sijaona waliouliza vya kutosha kama mtu aliyekulia katika jamii ya ukoo wa mama huandika ndoa tofauti. Mimi nashuku kwamba ndiyo. Katika *Nguzo Mama* wanawake wanashindwa kuisimamisha nguzo kwa sababu hawavuti pamoja, na wengi husoma hapo lawama kwa wanawake. Nikiisoma nikiwa na mjomba na kaka akilini, naona swali jingine: ndugu wa hawa wanawake wako wapi? Kila mmoja anafika pale peke yake, kama mpangaji.

Muhando hakuishia kwenye kitabu. Pamoja na Amandina Lihamba na wengine wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikwenda vijijini, Malya, kisha Msoga, kufanya sanaa za maonyesho kwa maendeleo, ambako wanakijiji wenyewe huigiza matatizo yao na kuyajadili. Mwaka 1996 ukaanza mradi wa Tuseme kwa wasichana wa shule. Katika aina hii ya sanaa mtazamaji anaweza kusimama na kusema, hapana, haikuwa hivyo. Anabisha hodi. Filamu haina nafasi hiyo, na ndiyo maana filamu inahitaji kuwa makini zaidi na mahali inapomweka mtazamaji.

Kwa upande wa filamu za Afrika Mashariki, iliyosogea karibu ni ya Mkenya Wanjiru Kinyanjui, *The Battle of the Sacred Tree*, ya 1995. Mumbi anamkimbia mume mpigaji Nairobi, anarudi kijijini kwa baba yake, mganga wa mitishamba, akiwa na binti yake, na anapata kazi ya baa. Wanawake wa kanisa wanaona aibu kwa sababu yake, na wakati huo huo wanataka kuukata mti mtakatifu wa mugumo. Filamu ni ya kuchekesha, tena sana, na wako wanaoipunguzia uzito kwa sababu hiyo. Nadhani wanakosea. Kinyanjui amegeuza ile safari ya *Gumu* na *Muhogo Mchungu*. Anayerudi kutoka mjini ni mwanamke, na hakurudi kwa sababu mji umempotosha. Amerudi kwa sababu ya mumewe. Na kijiji hakimpokei kwa ngoma: majirani wanaopaswa kumfungulia mlango ndio wanaomsema. Wanamwona baa, hawamuulizi nani alimpiga.

*Binti* ya Seko Shamte, ya 2021, ina wanawake wanne wa Dar es Salaam, na mmoja wao, Angel, anapigwa na mwenzi wake. Uigizaji ni mzuri, na kamera haikugeuza uso. Ni hatua, hasa ukilinganisha na lundo la filamu za video za miaka ya 2000 ambamo kofi lilikuwa kama salamu na mke mbaya ndiye aliyestahili. Lakini Angel hakai nyumba ya korido. Ana nafasi, ana ukuta unaofika darini. Tumaini, mwenye biashara ndogo na madeni, ndiye aliye karibu na maisha ninayoyazungumzia, na yeye filamu imempa shida nyingine. Yaani umaskini umekwenda kwa mmoja, kipigo kikaenda kwa mwingine. Katika chumba cha kupanga cha Gairo vitu hivyo viwili hulala kitanda kimoja.

Nimalizie na vibanda vya video, maana ndiko watu wetu wengi walikojifunza kutazama. Tangu miaka ya 1990 filamu za nje zilioneshwa humo zikiwa na mtafsiri, kama yule Derek Mukandala wa Dar es Salaam aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Mtafsiri hafuati maneno tu. Anaongeza, anatania, anawaambia watu nani mjinga. Nimekaa kwenye kibanda cha namna hii Gairo, mume kwenye skrini akimkung'uta mkewe, na mtafsiri akampa mke maneno ya kuchekesha, kibanda kizima kikaangua kicheko. Siku nyingine, mtafsiri yule yule, filamu nyingine, tukio la aina ile ile, akanyamaza. Hakusema kitu mpaka kipigo kilipokwisha. Watu wakaanza kugeuka kumtazama pale alipokaa na kipaza sauti chake, na mama mmoja muuza karanga aliyekuwa amesimama mlangoni akauliza kwa sauti kwamba, hivi, hao majirani wa nyumba ile ni viziwi?

Mtafsiri akasimamisha mkanda ili ajibu.